Nani Anakunywa Maji ya Boila?

Saa mbili kasorobo asubuhi Brenda Uttley aliegesha kigari chake cheupe mbele ya nyumba namba kumi na saba, Mtaa wa Bairstow, mjini Halifax, kaskazini mwa Uingereza, akashuka na mkoba wa spana kabla injini haijanyamaza vizuri. Saa tano kamili watu wa Kampuni ya Larkfold wangefika. Alikuwa na saa tatu na robo za kumwokoa mwanamke wa miaka sabini na tisa asitupwe nje ya nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi.

Baridi ilikuwa imepaka mtaa mzima chokaa. Mapaa meupe, magari meupe, hata vipini vya milango vyeupe. Paka mmoja wa rangi ya chungwa alikuwa amejikunyata kwenye mawe ya njia, mgongo ameuegemeza ukuta wa namba kumi na saba, chini kabisa, penye tofali lenye matundu ya kupitisha hewa chini ya sakafu.

"Na wewe huna kwenu?" Brenda alimuuliza.

Paka hakujisumbua hata kumtazama. Brenda akabisha hodi.

Bi Nellie Barraclough alifungua akiwa amevaa koti, kofia ya sufi na glavu. "Ingia, mwanangu. Ya nje umeshaionja, sasa njoo uonje baridi ya ndani. Hii ndiyo yenyewe."

Brenda alikuwa mkaguzi wa chama cha wapangaji. Boila, mitambo ya kupashia nyumba joto, alijifunza miaka arobaini iliyopita, mwanamke peke yake katika karakana ya wanaume ishirini na wawili waliomfichia spana ili wamwone akilia. Hakulia. Alinunua zake.

Boila ya Bi Nellie ilikuwa jikoni, ukutani, nyeupe, mpya, imefungwa na Kampuni mwezi wa Septemba. Brenda aliinama akaikodolea macho geji yake ya presha. Mshale ulikuwa umelala kwenye rangi nyekundu, chini ya alama ya nusu.

"Jana jioni mshale ulikuwa wapi?"

"Kwenye moja na nusu. Jirani alinijazia, nami nimesimama hapa hapa nashuhudia. Ikapasha vyumba usiku; kulipokucha imeshakunywa yote, imezimika."

"Boila hainywi, mama. Maji yake yanazunguka tu. Yanatoka hapa ya moto, yanapita kwenye rejeta zako tano, haya mabati ya ukutani yanayotoa joto, yanarudi yamepoa, yanapashwa tena. Ni yale yale mwaka mzima. Yakipoa yanasinyaa na mshale unashuka kidogo, ndiyo, lakini si hivi. Hapa kuna maji yametoka. Tunachotafuta ni mlango yaliyotokea."

"Wao wanasema yametokea mikononi mwangu."

Barua ilikuwa mezani, imekandamizwa na chupa ya siki. Brenda aliisoma akiwa amesimama. Kampuni ilisema fundi wake amefika mara tatu, hakuona uvujaji wowote. Ilisema mpangaji amekuwa akifungua rejeta na kumwaga maji makusudi, ili mtambo mpya uonekane mbovu. Ilisema ushahidi umepatikana: kifunguo cha rejeta, ndani ya droo ya jikoni. Kimechukuliwa, kimetiwa kwenye mfuko wa plastiki. Jumatatu Kampuni itaiomba mahakama irudishiwe nyumba yake.

"Kifunguo cha rejeta!" Brenda alisema. "Hakuna droo ya jikoni Yorkshire nzima isiyo na kifunguo cha rejeta. Kimelala na betri zilizokufa na vipande vya kamba. Wakimfunga kila mwenye nacho, jela itakosa askari, maana askari nao wanacho!"

Hakuuliza kwa nini Kampuni inaitaka nyumba. Mtaa mzima ulijua. Bi Nellie alikuwa amebaki peke yake mwenye mkataba wa zamani, ule usiomruhusu mwenye nyumba kupandisha kodi apendavyo. Wengine walikwisha ondolewa mmoja mmoja: huyu kwa kelele, yule kwa mbwa, mwingine kwa kuchelewa kujibu barua iliyotumwa anwani nyingine. Mabwana wa nyumba hawajapata kukosa sababu tangu kinu cha kwanza cha kufuma kiwashwe katika bonde hili. Babu zao walimfukuza mfumaji kwa kukohoa.

"Kazi," Brenda alisema, akavua koti.

Alifungua kibomba cha kujazia, maji yakaingia kwa mluzi, mshale ukapanda mpaka moja na nusu. Akafunga. Akatoka nje nyuma ya nyumba, penye kibomba cha shaba kinachochungulia ukutani. Boila ikizidiwa na presha, hutemea maji hapo. Akakivisha mfuko wa mkate, akaukaza kwa mpira. Akarudi ndani, akazunguka rejeta zote tano akifunga karatasi ya chooni kwenye kila nati na kila vali.

"Unazivisha nguo?" Bi Nellie aliuliza.

"Karatasi haijui kudanganya. Tone moja tu, inanywea."

Mwisho alipiga magoti chini ya boila. Palikuwa na vali mbili, moja ya maji yanayokwenda, moja ya maji yanayorudi. Alizifunga zote kwa spana.

"Sasa nimewatenganisha washukiwa," alisema akijifuta mikono. "Boila huku na geji yake, mabomba ya nyumba kule, hawaonani. Tunasubiri saa moja. Mshale ukishuka, mwizi yumo ndani ya boila. Ukisimama, mwizi yumo ndani ya nyumba."

"Na kama mwizi ni mimi?"

Brenda aligeuka. Kikongwe alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili na hanywi.

"Sema, mama."

"Nilizifungua."

"Ngapi?"

"Zote. Kila Jumapili nikitoka kanisani. Mume wangu Wilf alikuwa akifanya hivyo, rejeta zikiwa baridi upande wa juu. Unaweka kitambaa, unazungusha kifunguo, hewa inatoka fyuuu, tone likija unafunga. Miaka na miaka. Alipofariki nikaendelea mimi. Sikuwaambia wale kwa sababu walishaniuliza kama mtu anayemuuliza mwizi."

Brenda akavuta kiti akaketi mbele yake, magoti kwa magoti. Maneno hayo yakifika mahakamani yamekaa vibaya, kesi imekwisha.

"Kifunguo walikichukua lini?"

"Leo ni siku ya kumi na moja."

"Una kingine?"

"Kilikuwepo kingine. Kilikuwa mfukoni mwa suti nzuri ya Wilf. Hakuna aliyekumbuka kuikagua kabla ya mazishi."

"Kwa hiyo anacho huko aliko."

"Anacho. Na kama huko kuna rejeta, basi hazina hewa."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha Brenda akagonga meza kwa kidole.

"Sikiliza. Siku kumi na moja huna kifunguo, na jana usiku mshale umeanguka kama kawaida! Halafu, ukitoa hewa kwa jinsi ulivyoniambia, mshale unashuka kiasi cha unene wa ukucha. Haufiki kwenye nyekundu. Na hiyo hewa unadhani ilitoka wapi? Kila wanapojaza maji mapya wanaingiza na hewa mpya. Wewe ulikuwa unatoa walichokitia wao. Wewe ni moshi, mama. Moto uko kwingine."

Saa tatu na nusu aliufungua mfuko wa mkate. Mkavu. Akazunguka rejeta. Karatasi zote kavu. Akarudi kwenye boila.

Mshale ulikuwa pale pale, moja na nusu. Haukutikisika.

"Boila haina hatia," alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Njoo uone hili, mama. Njoo karibu. Usiondoe macho kwenye geji."

Akaishika vali ya kwanza kwa spana, akaizungusha robo.

Mshale ukaanguka. Haukuteremka, ulianguka kama mtu aliyepigwa ngwala, kutoka moja na nusu mpaka nyekundu kwa kufumba na kufumbua.

"Mungu wangu!" Bi Nellie alishika kifua.

"Umeona? Upande wa nyumba ulikuwa mtupu! Saa moja tu, maji yamekwenda. Hayakutokea kwenye rejeta, karatasi ni kavu. Basi yametokea kwenye mabomba. Na mabomba yako yako wapi?"

"Chini ya sakafu."

"Chini ya mbao kuna nini? Kuna chumba cha chini?"

"Hamna. Upande huu wa mtaa hatuna. Ni nafasi ya mkono mmoja, kisha udongo."

"Udongo unakunywa, wala haulipi kodi." Brenda alianza kutembea huku na huku. Akasimama ghafla. "Paka!"

"Paka gani?"

Brenda alikwisha toka. Mtaa mzima, kutoka namba moja hadi thelathini, kila tofali la matundu lilikuwa na ndevu nyeupe za barafu. La namba kumi na saba lilikuwa jeusi, limelowa, na kutoka matunduni mwake ulipanda mvuke mwembamba kama wa birika, wa maji ya moto yaliyovuja usiku. Paka alikuwa amefumba macho, anaoga joto la Bi Nellie Barraclough.

"Nakushukuru, shahidi wa kwanza," Brenda alimwambia, akarudi ndani mbio.

Alijaza maji upya mpaka mbili kamili. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake sakafuni na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, akaanza kutambaa juu ya zulia jipya la ukumbini. Hatua moja. Kimya. Hatua ya pili. Kimya. Karibu na mlango wa sebule akainua mkono Bi Nellie asipumue.

*Ssssss.*

Mlangoni hapo zulia la ukumbi lilikutana na zulia la sebule, na mpaka wao ulifunikwa na ukanda wa chuma cha manjano.

"Hili zulia nani alilitandika?"

"Wao. Mwezi wa Oktoba, wiki ya chakula cha mavuno kanisani. Walitaka kupiga picha za nyumba. Sikuombwa ruhusa."

Bi Nellie alivua glavu, akapiga magoti kwa shida, akapitisha vidole kwenye ukanda ule. Vidole hivyo vilifuma mazulia miaka thelathini na moja, mpaka wenye kinu walipokifunga Ijumaa moja ya mwaka themanini na mbili na kuwapa wanawake mia nne mkono wa kwaheri.

"Chini yake wamepigilia misumari," alisema, kama anayesema wamemtemea mate. "Mlangoni! Mjini hapa hata mjinga anajua: ukutani msumari, mlangoni gundi. Mabomba yote yanapita milangoni, ndipo mbao zilipokatwa tangu zamani. Wilf alikuwa akisema, anayepigilia msumari mlangoni hakufundishwa na mama wala fundi. Ngoja nikung'oe, shetani wee!"

"Usiguse!" Brenda alimdaka mkono. "Tukifunua sisi, watasema tulipigilia sisi. Lazima wafunue wao wenyewe, kwa mikono yao."

Saa ya ukutani ilisema tano kasoro dakika nane.

*

Bwana Giles Thornbury, ofisa wa Larkfold, aliingia bila kupangusa viatu. Alivaa koti refu la kijivu na alishika tableti mbele yake kama padri anavyoshika kitabu. Nyuma yake alikuja Craig Helliwell, fundi, mwanamume wa miaka arobaini na ushei mwenye macho ya mtu aliyeamka saa kumi.

"Bibi Barraclough," Thornbury alisema, "nimekuja kukupa nafasi ya mwisho. Hama kwa hiari, tusionane mahakamani. Nyumba hii tumeitunza vizuri sana, wala huwezi kulikana hilo." Akaigeuza tableti. "Tarehe kumi na nne Oktoba. Tazama ukumbi ulivyokuwa. Zulia jipya, rangi mpya."

"Picha nzuri," Brenda alisema. "Naomba unitumie nakala."

"Kwa furaha." Thornbury akaandika namba aliyotajiwa, akabonyeza. Simu ya Brenda ikalia mfukoni.

"Sasa nina maswali kwa fundi. Ndugu Helliwell, ulipokuja hapa ulizifunga vali mbili za chini ya boila ukasubiri?"

Craig alitazama viatu vyake. "Hapana."

"Ulisikiliza sakafu?"

"Dada, napewa dakika kumi na mbili kila nyumba. Nikizidisha, simu inalia. Nilijaza maji, nikaondoka."

"Na uliandika fomuni kwamba bibi huyu anamwaga maji?"

"Mimi?" Craig aliinua kichwa. "Niliandika, 'Sikuona uvujaji, lakini sikupata muda wa kutafuta.' Zote tatu."

"Barua imenukuu nusu ya kwanza tu," Brenda alisema.

"Hayo ni mambo ya ofisini," Thornbury alidakia.

Brenda aliwapeleka jikoni. Vali mbili alikuwa amezifunga tena. Alizifungua mbele yao, na mshale ukaanguka kama mara ya kwanza. Craig akapiga mluzi. Brenda akajaza maji tena mpaka mbili kamili. Akawapeleka ukumbini, akampa Craig bisibisi. Fundi aliweka sikio, akasikiliza, na uso wake ukabadilika.

"Tundu liko hapa. Chini ya ukanda. Bosi, tufunue."

"Hakuna anayegusa zulia hilo," Thornbury alisema. "Lina dhamana. Uchunguzi umefungwa. Twende."

"Unaogopa nini?" Bi Nellie alimuuliza. "Ni zulia tu, baba. Haliumi."

"Craig! Nimesema twende."

Craig alibaki amepiga magoti. Alitoa koleo mfukoni, taratibu.

"Fomu tatu, Bwana Thornbury. Jina lililo chini ni langu, si lako. Jumatatu hakimu atakayemwita ni mimi." Akamtazama kikongwe. "Mama, hili linavutwaje bila kuchanika?"

"Anza na kona, mwanangu. Vuta kuelekea kwako, usivute juu. Hivyo. Hivyo hivyo. Wewe ungeajirika kinuni."

Ukanda ulitoka ukilia. Chini yake ilikuwepo misumari mitano, mirefu kama kidole cha mtoto, misumari ya kushikia mbao na si zulia. Minne ilikuwa mikavu. Wa tatu kutoka kushoto ulikuwa na kichwa cha kijani, ule ukijani wa shaba inayooza, na ubao uliouzunguka ulikuwa mweusi kwa maji.

"Huo umetoboa bomba," Brenda alisema, "na wenyewe ukawa kizibo. Ndiyo maana hamkuona kitu Oktoba. Wiki tatu bomba linapata moto, linapoa, linatanuka, linasinyaa, na tundu linapanuka nywele kwa nywele. Mwezi wa Novemba mshale ukaanza kushuka. Ung'oe, Craig."

Craig akaubana kwa koleo, akavuta.

Maji yaliruka kama upanga. Yalipita juu ya bega la Craig, yakampata Bwana Thornbury kifuani, yakateremka kwenye koti la kijivu mpaka kwenye viatu alivyokataa kupangusa. Alipiga yowe moja jembamba. Brenda alikwisha kimbilia jikoni kufunga vali.

Aliporudi, Thornbury alikuwa akitetemeka na kunyoosha kidole. "Nani... nani atathibitisha msumari huo ni wetu? Amepigilia huyu! Au mtu wake! Ana majirani!"

Brenda hakubishana. Alitoa simu, akaifungua picha ya tarehe kumi na nne Oktoba, akaivuta kwa vidole viwili mpaka kona ya kushoto ikajaa kioo. Kwenye mlango wa sebule alikuwa amepiga magoti mtu mwenye nyundo, mgongo kwa kamera, uso umegeuka upande, misumari mitatu mirefu ameibana kinywani. Mgongoni mwa sweta yake, kwa herufi kubwa nyeupe, liliandikwa jina la Larkfold.

"Picha mliipiga wenyewe," Brenda alisema. "Na ukanitumia kwa furaha."

Nje paka alilia, joto lake limekatika.

"Nitaandika fomu ya nne," Craig alisema, akiufunga msumari ndani ya karatasi ya chooni. "Na hii naiandika yote, kisha nakala namwachia bibi. Bomba naliunga leo hii, hata simu ilie mpaka ikauke."

Thornbury alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, maji yakimtiririka. "Ofisi itawasiliana nanyi kuhusu... kuhusu kuiondoa kesi."

"Simama hapo hapo," Bi Nellie alisema.

Akasimama. Kikongwe alivuka ukumbi polepole, akipita kando ya dimbwi, mpaka akamfikia. Akanyoosha kiganja, kitupu, chenye makovu ya uzi.

"Kifunguo changu."

Thornbury alipapasa mfuko wa koti, akautoa mfuko wa plastiki uliolowa, karatasi ya namba ya ushahidi ikiwa bado imebandikwa. Bi Nellie aliuchana kwa meno, akakitoa kifunguo, akakifuta kwa ncha ya koti lake, akaingia nacho jikoni. Walisikia droo ikifunguliwa, kisha ikifungwa kwa kishindo.